Kufungwa kwa Thorn Tree: makufuli matatu na mwaka uliopotea

Mwaka 1996 Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya safari, ilifungua jukwaa la mtandaoni ambako msafiri angeuliza na msafiri mwenzake akajibu. Lilipewa jina la Thorn Tree. Mwaka 2021 likafungwa moja kwa moja, baada ya kutumiwa na wasafiri zaidi ya 600,000. Watu wengi wanalizungumzia tukio hilo kana kwamba lilitokea siku moja: jana lipo, leo halipo. Kwa mtu anayeangalia mitambo, haikuwa hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tulipoteza mengi kuliko ilivyolazimu.

Jukwaa la namna hii lina makufuli matatu. La kwanza ni la kuandika. Likifungwa, hakuna uzi mpya (swali na majibu yake) wala jibu jipya, lakini kila kilichokwisha kuandikwa kinabaki kwenye kanzidata na kinasomeka. La pili ni la kusoma: seva inazimwa, au kila anwani ya zamani inaelekezwa kwenye ukurasa mwingine. La tatu ni la watu kufikiana, yaani akaunti, majina na ujumbe wa faragha, ile njia ambayo mchangiaji wa Arusha anaweza kumtafuta mchangiaji wa Auckland aliyemsaidia miaka sita iliyopita. Kila kufuli hufungwa kwa amri yake. Anayefunga jukwaa anaamua mambo mawili makubwa: lipi lianze, na kati ya moja na lingine uachwe muda gani.

Jina lenyewe la Thorn Tree, yaani mti wa miiba, lilitoka kwetu. Katika hoteli ya Stanley jijini Nairobi, pale Barabara ya Kimathi inapokutana na Kenyatta Avenue, kuna mkahawa uliofunguliwa 1959 wenye mgunga katikati yake. Wasafiri waliokuwa wakivuka bara kwa gari au kwa miguu walibandika karatasi kwenye mti huo: fulani ametangulia Kampala, fulani anatafuta mtu wa kuchangia mafuta hadi Lusaka, fulani aliyeachwa Addis Ababa asubiriwe hadi Jumatatu. Lonely Planet walichukua wazo hilo zima, hata sehemu za jukwaa wakaziita matawi: tawi la Afrika, tawi la Amerika Kusini, na kadhalika.

Jaribio la kwanza la kulifunga lilikuja Desemba 2012, siku chache kabla ya Krismasi. Wakati huo mmiliki alikuwa BBC Worldwide, aliyenunua asilimia 75 ya Lonely Planet mwaka 2007 na kumalizia asilimia 25 mwaka 2011. Sababu iliyotolewa ni kwamba baadhi ya yaliyoandikwa humo hayakufikia viwango vinavyokubalika. Sina ugomvi na sababu. Mwenye jukwaa ana wajibu wa kuondoa uchafu. Tatizo ni namna ilivyofanywa: makufuli yote matatu yalifungwa kwa mpigo, katika msimu ambao wasafiri wengi wako njiani na wanahitaji majibu. Programu nyingi za majukwaa humruhusu msimamizi kufunga tawi moja na kuacha mengine wazi, au kufunga uandishi tu huku kusoma kukiendelea, au kuweka kila ujumbe mpya kwenye foleni hadi mtu aukague. Hatua zote tatu zinafanyika ndani ya saa moja. Uzi wa visa ya Uzbekistani haukuwa na kosa lolote, lakini nao ulitoweka. Jukwaa lilirudi kwa awamu mwaka 2013, matawi ya safari yakitangulia. Machi mwaka huohuo BBC Worldwide ikaiuza Lonely Planet kwa NC2 Media ya Marekani kwa pauni milioni 51.5, baada ya kuinunua kwa jumla ya pauni milioni 130 hivi.

Mara ya pili mambo yalikwenda taratibu zaidi. Aprili 2020, corona ikiwa imesimamisha ndege dunia nzima, kampuni ilitangaza kufunga karibu ofisi zake zote za Melbourne na London na kusitisha jarida lake. Thorn Tree likafungwa kuandika, likabaki la kusoma. Kwa hesabu za wakati ule uamuzi huo unaeleweka. Gharama kubwa ya jukwaa ni watu, kwa sababu lazima awepo wa kusoma ripoti, kufuta matangazo ya kitapeli, kutuliza ugomvi na kujibu barua za wanasheria. Ukifunga uandishi, kazi hiyo karibu yote inakwisha siku hiyohiyo.

Kinachobaki baada ya hapo ni maandishi, na maandishi ni mepesi mno. Chukulia jukwaa lenye ujumbe milioni 10, kila mmoja wenye herufi 600, yaani aya moja nzuri. Hizo ni herufi bilioni 6, sawa na takribani gigabaiti 6. Zinaingia kwenye kidude cha flashi kinachouzwa Kariakoo, na nafasi inabaki. Wanaosema jukwaa kubwa ni mzigo kulihifadhi hawasemi uongo, ila mzigo wanaoutaja ni wa mtambo unaoliendesha.

Hebu tuutazame mtambo huo kwa karibu. Chukua uzi mmoja, mtu anauliza kama meli ya MV Liemba inaondoka Kigoma wiki hii kwenda Mpulungu, Zambia, naye amejibiwa mara 45. Ukiufungua jukwaa likiwa hai, seva inaiuliza kanzidata: wewe ni nani, una ruhusa gani, uzi huu una majibu mangapi, waliojibu wanaitwaje, picha zao ziko wapi, yupi kafungiwa. Baada ya hapo inaunganisha yote na kukutengenezea ukurasa papo hapo. Kwa hiyo lazima kanzidata iwe macho saa 24, programu iwekewe viraka vya usalama kila vinapotoka, na awepo fundi wa kuamka usiku pakiharibika. Sasa andika programu ndogo inayofungua kila uzi mara moja, inauhifadhi kama faili la HTML lililokamilika, kisha inaendelea na unaofuata. Mwishowe una kurasa tuli, ambazo hazina kanzidata, hazina nywila za kuibwa, wala mlango wa nyuma wa wadukuzi. Seva ya bei ya chini kabisa inazihudumia bila kutoa jasho. Anwani zikibaki zilezile, kila kiungo kilichowekwa na blogu, gazeti au kitabu tangu miaka ya tisini kinaendelea kufika kinakokwenda. Kwa mafundi wawili wanaoujua mfumo, hiyo ni kazi ya wiki chache, pamoja na majaribio.

Kati ya kufuli la kwanza na la pili muda huo ulikuwepo. Desemba 2020 kampuni ikauzwa tena, safari hii kwa Red Ventures ya Marekani, na mwaka uliofuata kufuli la kusoma likafungwa kwa kudumu. Hapo ndipo penye lawama yangu. Kufunga uandishi kulikuwa uamuzi wa dharura, nami naukubali. Ila kipindi cha kusoma tu kina thamani pale tu kinapotumika kuhamisha vitu. Kisipotumika hivyo, kinarefusha kuaga na hakiokoi chochote.

Tena uandishi ukiwa umefungwa, wanajukwaa wenyewe hawana nyenzo za kujiokoa. Hakuna awezaye kuandika hadharani, kwenye uzi ambao wenzake wameuzoea, kwamba sisi wa tawi la Afrika tunahamia mahali fulani. Wanaojuana kwa barua pepe watatafutana. Yule aliyekuwa akijibu maswali ya Ethiopia kwa miaka kumi kwa jina la kubuni, bila kumpa mtu anwani yake, anapotea na maarifa yake. Ndiyo maana naamini mpangilio sahihi ni huu: tangaza tarehe mapema, acha uandishi wazi kwa miezi miwili au mitatu, fungua uzi mmoja juu kabisa wa watu kuachiana anwani mpya, kisha ndipo ufunge uandishi. Dharura ya 2020 isingezuia hata hilo. Msimamizi mmoja, uzi mmoja, na mengine yote yamefungwa.

Kilichopotea kusoma kulipofungwa ni kipi hasa? Ratiba za mabasi ya 2004 hazimfikishi mtu popote leo, kweli. Lakini soma kwa jicho la mwanahistoria. Kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika, msafiri wa kaskazini mwa Kenya alipanda lori la ng'ombe au la mizigo, juu, ameshika vyuma, wakati mwingine katika msafara wenye askari wa kulinda dhidi ya majambazi. Waliopita njia hiyo waliandika walilipa kiasi gani, walilala wapi Marsabit, dereva alikataa nini, afisa wa mpakani alidai karatasi gani. Hakuna wizara iliyoweka kumbukumbu za namna hiyo, na hakuna gazeti lililoziona kuwa habari. Ziliandikwa na mtu aliyeshuka kwenye lori jana yake, kwa ajili ya mtu atakayelipanda kesho. Ukikusanya miaka 20 ya maandishi hayo kwa barabara moja, una historia ya barabara hiyo kutoka chini, bei kwa bei na mwaka kwa mwaka.

Kuna atakayesema yote yamo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Sehemu yamo, na tushukuru. Ila tujue inavyofanya kazi. Roboti yao hufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa na kupiga nakala inachokikuta. Uzi wenye kurasa tisa unaweza kuwa na ukurasa wa kwanza na wa nne tu. Kurasa zinazohitaji kuingia na nywila haizifikii. Kisanduku cha kutafutia cha jukwaa lenyewe hakifanyi kazi ndani ya nakala, maana hakina kanzidata ya kuuliza, hivyo lazima uwe na anwani kamili ya uzi unaoutaka. Nakala nzima ya jukwaa inaweza kutolewa na aliyeshika kanzidata tu.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ya faragha, nami siipuuzi. Mtu aliyeandika mwaka 1999 akiwa kijana, akisimulia mapenzi yake ya Zanzibar kwa jina linalotambulika, anaweza asipende yadumu milele. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika 2018, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinatambua haki za mwenye taarifa zake. Kwa fundi, sharti hilo linatimizwa kabla ya kuligandisha jukwaa kuwa kurasa tuli: kila mwenye akaunti apewe muda wa kupakua yake na kufuta asiyoyataka, ujumbe wa faragha na anwani za barua pepe visiingie kabisa kwenye kurasa tuli, na baada ya kufunga ibaki anwani moja ya kupokea maombi ya kuondoa. Google walifanya sehemu ya hayo walipofunga Panoramio, mtandao wa picha za mahali: uwekaji wa picha ulisimama Novemba 2016, wenye picha wakapewa mwaka mmoja wa kuzifikia na zana ya kuzipakua.

Lakini kuliko zana zote, kinachoamua jamii ya mtandaoni itasalimika au la ni masharti yaliyowekwa siku ya kwanza. Angalia Wikitravel, mwongozo wa safari ulioandikwa na wasafiri wenyewe, ulioanzishwa 2003. Waanzilishi wake walichagua leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kunakili na kuendeleza, mradi ataje waandishi na kuacha kazi hiyo chini ya leseni ileile. Mwaka 2006 mtandao ukanunuliwa na Internet Brands. Waandishi wa toleo la Kijerumani hawakuridhika. Mwaka huohuo walichukua nakala ya maandishi, wakaanzisha Wikivoyage. Mwaka 2012 waandishi wengi wa toleo la Kiingereza wakawafuata, na Internet Brands ikawashtaki wawili kati yao mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwanzoni mwa 2013. Tarehe 15 Januari 2013 Wikivoyage ikazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia Foundation, makala zikiwemo, historia ya kila badiliko ikiwemo. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kuondoka na kazi yake, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imeandikwa chini ya kila ukurasa.

Thorn Tree halikuwa na sharti la aina hiyo. Wachangiaji wangeweza kukusanya pesa na kupata mafundi wa kujitolea, lakini bila idhini wasingeweza kuchapisha upya nyuzi za wenzao kihalali, wala kuigusa kanzidata ya kampuni.

Leo mazungumzo ya safari ya ukanda wetu yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook: waongozaji wa Kilimanjaro, wapanda treni ya TAZARA, madereva wa malori wanaopashana habari za foleni ya Tunduma. Telegram kwenye kompyuta hukutolea historia ya kundi kama faili. WhatsApp hutoa nakala ya gumzo, lakini ina kikomo cha idadi ya ujumbe, na aliyejiunga jana hapati historia nzima ya kundi. Kundi la Facebook halimpi msimamizi kitufe cha kupakua michango yote ya wanachama. Msimamizi wa kundi la namna hiyo anaweza kuandika mstari mmoja kwenye maelezo ya kundi leo, kwamba taarifa za njia, bei na mipaka zinazowekwa humo zinaweza kunakiliwa na yeyote kwa leseni ya wazi, na akawa anatoa nakala kila mwisho wa mwezi na kuwaachia watu watatu wanaoishi miji tofauti.