Kufumbua kwa Msaada: Maneno machache juu ya Fumbo la Gazeti

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona katika magazeti ya kila siku ule mraba wa vyumba vyeupe na vyeusi, na kando yake safu mbili za vidokezo, moja ya maneno yanayolala na moja ya maneno yanayosimama. Huku kwetu watu huuita chemshabongo. Wako wanaousema kuwa ni mchezo wa wavivu, nao wako wasioweza kumaliza chai ya asubuhi kabla ya kuujaza. Sisi hapa hatukusudii kuusifu wala kuulaumu, bali twataka kupima jambo moja tu: mtu aliyeshindwa akaomba msaada, je, amefumbua fumbo au amedanganya? Swali hili laonekana kuwa dogo, walakini kila mwalimu hulijibu darasani siku zote, apende asipende.

Kwanza tutazame asili yake. Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, likapigwa chapa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mwaka 1924 kikatoka huko kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiuzwa pamoja na kalamu yake ya risasi. Mwaka huohuo gazeti la New York Times liliudhihaki mchezo huu kuwa ni upotevu wa wakati. Lakini tarehe 15 Februari 1942 lilianza kuutoa kila Jumapili, na tangu 11 Septemba 1950 likautoa kila siku. Hata ikafika siku ambapo gazeti hilohilo liliweka simu ya kulipia, ili msomaji aliyekwama apige na kuambiwa jibu, akitozwa fedha kwa dakika. Basi msaada ukawa bidhaa. Siku hizi jibu hupatikana katika intaneti kwa kufumba na kufumbua, wala hapana anayejua kwamba ulishindwa.

Hapo ndipo tuukumbuke utaratibu wa wazee wetu wa pwani. Mtu husema, "Kitendawili!" nao huitika, "Tega!" Wakishindwa, mtegaji huwaambia, "Nipeni mji." Ni lazima wautaje mji, Lamu au Mombasa au mwingine wowote, naye huupokea kwa majigambo, kisha ndipo hutoa jibu. Tazameni hekima iliyomo. Wazee hawakukataza msaada, wala hawakumwacha mtu akae na ujinga wake usiku kucha. Lakini walitaka akiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, na alipe kitu kwa elimu anayopewa. Aliyetoa mji jana hakisahau kitendawili kile leo. Anayechungulia jibu kwa siri hakutoa mji wowote, na kwa hiyo mara nyingi hakupata kitu.

Pili, yafaa tujue kwamba fumbo jema la gazeti lina msaada ndani yake lenyewe. Kila neno hukatwa na maneno mengine, na kila jibu lililo sahihi humpa jirani yake herufi. Tena vidokezo vya Kiingereza, hasa vya magazeti ya Uingereza, vina njia mbili: upande mmoja maana ya neno, upande wa pili mchezo wa herufi au sauti zake, ikiziba moja, yabaki nyingine. Mtungaji Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alitunga katika gazeti la Observer tangu 1926 hata kufa kwake mwaka 1939, na mafumbo yake yalikuwa magumu mno. Aliyemfuata, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, naye alikuwa mwalimu wa shule. Katika kitabu chake cha 1966 aliweka sheria kwamba mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji njia, ila maneno ya kidokezo chenyewe yawe ya haki, na mwenye akili aweze kufika. Sisi twaona kwamba sheria hii yamfaa kila mtu atungaye mtihani.

Je, lugha yetu yaweza kuchukua ufundi huo? Yaweza, tena vizuri. Mtu akiandika, "Yumo porini, nalo li juu ya nyumba, herufi tatu," jibu ni paa. Akiandika, "Ana pembe, tena hukuna nazi, herufi tano," jibu ni mbuzi. Na ule mchezo wa kinyume, ambao Askofu Steere aliutilia mfano, ni hazina kwa mtungaji: "Geuza kazi ya jembe, upate utajiri" ni lima, ambayo silabi zake zikigeuzwa huwa mali. Msaada wa sarufi nao ni mwingi. Mwingereza akiulizwa neno la wingi hutazamia herufi S mwishoni. Mswahili hutazama mwanzo, kama ni wa- au mi- au vi- au ma-. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, basi katika chumba cha mwisho tuna herufi tano tu za kuchagua. Lakini hapohapo pana kosa la watungaji wengi wa mafumbo ya Kiswahili: huandika kidokezo kwa umoja na jibu likawa la wingi, au hutafsiri kidokezo cha Kiingereza neno kwa neno. Huko si kumpoteza msomaji kwa haki, ni kumwibia msaada ambao lugha yenyewe ilikwisha kumpa.

Mimi niandikaye nimefanya kosa katika jambo hili, na yafaa nilikiri. Nilipokuwa nikifundisha shule moja ya mjini, niliwapa watoto fumbo la kufanya nyumbani, nikawakataza wasiulize mtu. Kidokezo kimoja kilikuwa "Hupepetea nafaka," na jibu lake ungo. Mtoto mmoja, ambaye kwao husemwa lugha nyingine, alileta fumbo limejaa lote. Nikaandika juu ya karatasi yake kwamba amenakili. Hakulia, alisema tu, "Mwalimu, bibi hakuniambia jibu. Alinipeleka jikoni, akanipa mahindi yaliyotwangwa, akaniambia nitoe pumba kwa chombo kile. Nilipochoka nikamwuliza chaitwaje kwa Kiswahili." Siku ile nilijua kwamba darasa zima walikuwa na neno, na yeye peke yake alikuwa na ungo. Nikafuta maneno yangu mbele ya wenzake, na huo ndio mji nilioutoa mimi.

Tena kuna habari ya vita yenye mafundisho kwetu. Gazeti la Daily Telegraph la London lilikuwa na mtungaji aitwaye Leonard Dawe, naye alikuwa mkuu wa shule, ambayo ilikuwa imehamishiwa Surrey kwa ajili ya vita. Mwezi Mei na mwanzo wa Juni 1944 yalitokea katika mafumbo yake majina Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote yakiwa ni majina ya siri ya shambulio la Normandy lililoanza tarehe 6 Juni. Wapelelezi wa serikali wakaja kumhoji, wasimwone na hatia. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba mwalimu alikuwa akiwaita wavulana wamjazie mraba kwa maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Na wavulana hao walikuwa wakicheza karibu na kambi za askari, wakayasikia maneno pale. Basi hata mtungaji mwenyewe alisaidiwa. Msaada haukuwa kosa lake; ila hakuuliza maneno yale yametoka wapi.

Kwa hayo twaweza kutoa hukumu yetu. Msaada wa herufi za jirani ni haki ya mfumbuaji. Msaada wa kamusi ni kazi njema, maana atafutaye neno moja hukutana njiani na kumi. Msaada wa mwenzake ni mwema ukiwa kama ule wa bibi, yaani unamwonyesha njia na kumwachia mwendo. Lakini jibu tupu, lililonakiliwa bila kujua lilivyotoka katika kidokezo, hilo hujaza chumba cheupe na kuacha kichwa kitupu. Kipimo chake ni rahisi: mwulizeni aliyejaza, "Kwa nini ni neno hili wala si lingine?" Akieleza, fumbo ni lake, hata kama alisaidiwa na kijiji kizima. Asipoeleza, atoe mji, kisha afundishwe.

Nasi waalimu tusiwe wepesi wa kuandika "amenakili" kabla hatujauliza. Mtoto aliyeomba msaada amekwisha kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, na huo ndio mwanzo wa shule yoyote. Mwenye rai nyingine juu ya neno hili na atuandikie. Na aliye na vitendawili vya kwao vifaavyo kutiwa katika mraba, avilete pamoja na majibu yake, la sivyo itatubidi kumpa mji.