Santuri ya Remmy Ongala na Suala la Lugha Safi

Walimu wenzangu wanapotaja santuri zilizotikisa dunia, aghalabu huanzia mbali. Hutaja Live at the Regal, ambayo B.B. King aliirekodi Chicago mwezi wa Novemba 1964, au Otis Blue ya Otis Redding iliyotoka mwaka 1965. Sina ugomvi na orodha hiyo. Muziki wa bluzi na ule wa 'soul' ulizaliwa na wajukuu wa watu waliotolewa Afrika kwa pingu, na una haki ya kusikilizwa kwa heshima. Lakini ipo santuri moja ya Kiswahili ambayo, kwa maoni yangu, yastahili kuwekwa kando ya hizo, nasi tumeipita bila kuibishia hodi. Nayo ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Real World mwaka 1989. Jina lake ni la Kiingereza. Lugha yake ni yetu.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kuipigia Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akahamia Super Matimila. Jina hilo la Matimila halikutoka katika ushairi wala katika historia: lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mhakiki. Wanamuziki wengi wa Tanzania wa miaka ile walimiliki koo na vidole vyao tu. Gitaa, kipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya mwingine. Kwa hiyo Remmy alipoimba juu ya mnyonge, hakuwa akimtazama kutoka dirishani.

Tuanze na fani. Msikilizaji aliyezoea bluzi atautafuta ule mpangilio wake mashuhuri, yaani mstari uimbwe, urudiwe, kisha wa tatu uyajibu yale mawili, hataupata. Tungo za Remmy zafuata njia ya rumba ya Kongo: magitaa huanza kusemezana taratibu, sauti huingia kueleza kisa, na baadaye huja chemko, ambapo maneno hupungua na miguu huchukua zamu. Udugu wake na bluzi uko mahali pengine. B.B. King alikuwa akiimba, kisha hunyamaza ili gitaa lake alilolipa jina Lucille limjibu. Kwa Remmy magitaa hayangoji zamu. Yanafumana chini ya sauti kama ukili wa mkeka, na sauti yenyewe mara nyingi huacha kuimba ikaanza kunena, kama mzee aliyesimama msibani. Huzuni ya mtu mmoja hutangazwa hadharani mpaka iwe ya wote. Hapo ndipo mwimbaji wa Mississippi na mwana wa Kindu wanapokutana, ingawa hawakukopeshana hata noti moja.

Kuhusu maudhui, tazama majina tu ya nyimbo. "Kipenda Roho" ni nusu ya methali. Nusu ya pili, ile ya kula nyama mbichi, ameachiwa msikilizaji aimalizie mwenyewe, na anayeimalizia tayari amekwisha ingia katika wimbo. "Sauti ya Mnyonge" yatumia neno lenye uzito wa kisiasa, kwani unyonge ulikuwa miongoni mwa maneno makuu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Miaka zaidi ya ishirini baadaye neno lile lasikika katika kinywa cha mtu ambaye unyonge wake haujakwisha. Nyimbo zenye majina ya wanawake, "Pamella" na "Mariam Wangu", ni nyepesi zaidi. Nakiri kwamba huzipita upesi.

Sasa nifike penye ubishi. Katika semina moja ya walimu nilipendekeza nyimbo hizi zitumike darasani. Mwenzetu mmoja alipinga kwa ukali: huyu ni Mkongo, akasema, na Kiswahili cha Kongo kitawaharibu wanafunzi. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi nafundisha Nzahaha. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo, na wanafunzi wangu walikisikia Kiswahili cha Bukavu kabla ya kuona kitabu chochote cha sarufi. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, nasi tukafurahi. Lakini nimeona mtoto anayepatana bei sokoni kwa ufasaha akiwa bubu mbele ya ubao, kwa sababu tumemfundisha kukionea haya Kiswahili alicho nacho. Usanifu una faida zake, nami hula mshahara kwa kuufundisha. Hata hivyo, Remmy alitoka katika Kiswahili kama hicho cha bara, akasikilizwa na Dar es Salaam nzima, hata kituo kimoja cha Sinza kikaitwa Kwa Remmy. Kama yeye ni mharibifu, basi hadhira yake yote iliharibika kwa hiari.

Asidhaniwe kwamba namsifu bila kipimo. Santuri ya Mambo, iliyofuata mwaka 1992, yanipa shida. Humo aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, bila shaka ili afikiwe na Wazungu waliompigia makofi. Lakini msemaji mahiri akageuka mtu wa sentensi fupifupi. Linganisha na "Mambo kwa Soksi" ya mwaka 1990, ambapo kondomu yaitwa soksi. Tasfida nzuri kuliko hiyo sijaipata katika vitabu vyetu, na bado Redio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo, wakati UKIMWI ulikuwa ukiua. Mwishoni mwa maisha yake aligeukia nyimbo za injili, akafariki tarehe 13 Desemba 2010.

Muhula uliopita niliandika ubaoni jina la wimbo mmoja wa santuri hii, "Muziki Asili Yake Wapi". Niliwaomba wanafunzi waniambie kwa nini jina hilo lina nguvu bila kitenzi chochote, kisha waulize swali hilohilo kwa njia tatu. Walileta "Asili ya muziki ni wapi", wakaleta "Muziki umetoka wapi". Kengele ilipolia, msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hakuwa amenyoosha mkono, alisimama akasema: "Mwalimu, kule Kamembe sokoni tungesema, 'Muziki ilitokaka wapi?'" Niliiandika hiyo nayo ubaoni, chini ya zile nyingine, na hakuna aliyecheka.