Shamba Kali: Vitabu vya Wasafiri na Nyika Yetu

Katika shule nyingi za nchi hii mwanafunzi hufundishwa majina matatu kwa mfululizo, kama mtu ahesabuye vidole: Burton, Speke, Stanley. Huambiwa kwamba watu hao waliingia bara ilipokuwa haijulikani, wakaivuka nyika ya kutisha iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, wakatufungulia njia. Vitabu vyao wenyewe husomwa na wachache, kwa sababu ni vinene na vimeandikwa kwa Kiingereza cha zamani. Sisi tumevisoma, na twataka kuwaeleza wasomaji wetu tulivyoviona. Maana ndani yake mna ushahidi mwingi dhidi ya hadithi inayosimuliwa kwa jina lavyo.

Nyika hiyo ilikuwa na jina lake tangu zamani, nalo ni Mgunda Mkali. Leo abiria wa gari la moshi huipita akisinzia, kati ya Manyoni na Tabora, asione kitu dirishani ila vichaka vya Itigi vilivyosongamana. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo palikuwa hapana ila miguu, na kila mtu aliyetoka pwani kwenda Unyamwezi kwa njia kuu alipita hapo akiwa na mzigo kichwani au begani, na kibuyu cha maji ubavuni.

Burton alilifasiri jina hilo kuwa shamba la moto, nao waliomfuata wakashika maana iyo hiyo au iliyo karibu nayo. Tafsiri si mbaya. Lakini yatupasa kushangaa kidogo, maana mwandishi akiisha kufasiri neno shamba, huendelea kurasa nyingi akiandika juu ya jangwa lisilo na mwenyewe. Mgunda, katika lugha kadha za bara, ni mahali palimwapo. Mtu haliiti jangwa shamba, wala haliiti shamba kali asipokuwa amekwisha kulishika jembe akashindana nalo. Twaona ya kuwa jina lenyewe lilikuwa habari, nayo habari ile imo katika kitabu, lakini mwandishi hakuisikia.

Na kumbe mambo yenyewe aliyaona kwa macho. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 Burton aeleza kwamba katikati ya Mgunda Mkali, penye Jiwe la Mkoa, alikuta makao ya Wakimbu. Na alipofika Tura akafurahi kuona mashamba tena. Wakimbu hao walikuwa wakikata miti, wakichimba maji, wakipanda nafaka, nao wakiwauzia wasafiri chakula. Burton ni mtu mwenye jicho kali mno. Hakuna aliyemzidi kwa kuandika bei ya nguo, namna za ushanga, mzigo wa pagazi uliofikia ratli sitini hata sabini, na desturi za kambi. Tena ni mtu mwenye dharau nyingi, na dharau yake humharibia kazi: akiisha kutuonyesha mkulima amesimama shambani pake, humtukana, kisha hupita.

Jambo tulilolipenda kuliko yote katika kitabu chake ni maelezo ya safari ya alasiri, aliyoiandika kwa neno la wapagazi wenyewe, kutelekeza. Siku hizi neno hilo twalitumia kwa mtu amwachaye mkewe na watoto, na wengi hawajui kwamba njiani lilikuwa na maana nyingine. Mahali maji yalipokuwa mbali mno kwa mwendo wa asubuhi moja, msafara ulikaa penye maji hata adhuhuri, watu wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Ndipo wakaondoka jua likianza kugeuka, wakaenda hata usiku, wakalala pakavu pasipo kupika. Na alfajiri wakashika njia tena, wakafika penye maji ya pili kabla ya jua kuwa kali. Hivyo mwendo wa siku mbili ulipitwa kwa kiu ya usiku mmoja. Nani aliyefikiri jambo hili? Si Burton wala Speke, maana walilikuta tayari. Ni ilimu ya watu waliokwisha kuipita njia ile mara nyingi, Wanyamwezi waliokuwa wakipeleka pembe pwani kabla Mzungu yeyote hajaweka mguu Kazeh. Vivyo hivyo kirangozi aliyetangulia mbele: alipofika penye njia panda alitupa matawi juu ya njia isiyofaa, ili walio nyuma wasipotee. Burton aliyaandika mambo kama haya katika desturi za msafara, kama mtu aandikaye tabia za ndege. Wala hakusema kwamba maisha yake yalikuwa mikononi mwao.

Speke aliporudi pamoja na Grant, alipewa na Mgunda Mkali somo jingine. Sura moja ya kitabu chake cha mwaka 1863 yachukua jina la nyika hiyo. Msomaji huifungua akitazamia kiu, akakuta mvua! Walikuwa humo mwisho wa mwaka 1860 na mwanzo wa 1861, masika yalikwisha kuanza, makorongo yakajaa maji, njia zikawa tope, chakula kikakosekana, na wapagazi wengi wakatoroka. Waliponea kwa nyama ya mwitu na kwa nafaka iliyotumwa kutafutwa mbali. Walifika Kazeh Januari 1861. Speke awalaumu sana waliotoroka. Lakini sisi tulipoisoma sura ile tulijiuliza swali ambalo yeye hakujiuliza: mtu mwenye njaa, aliyebebeshwa mzigo usio wake, kwenda mahali pasipomhusu, katika wakati wa mvua ambao kila mkulima ataka kuwa kwake apande, je, kutoroka kwake ni uhaini au ni akili?

Aliyebaki, safari hii na ile ya kwanza, ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa Bara Hindi, akapata uhuru wake, akarudi upande wa Unguja. Aliivuka njia hii pamoja na Burton na Speke, tena pamoja na Speke na Grant, tena pamoja na Stanley mwaka 1871, tena pamoja na Cameron mwaka 1873. Wazungu walibadilika, Bombay ni yeye yule. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha mwaka 1876, nalo ni jambo jema. Lakini hakuandika kitabu. Twamjua kwa vinywa vya mabwana wanne, mmoja akimsifu, mwingine akimfokea, na Stanley akimpiga.

Tumefika kwa Stanley, ambaye yatupasa kumpa nafasi zaidi, kwa kuwa safari yake ya pili ilipita upande wetu huu. Katika ile ya kwanza alifika Unyanyembe Juni 1871, akaandika kwamba nyika aliyokuwa ameisoma kwa Burton imekwisha kupungua ukali, kwa sababu Wakimbu wameendelea kuikata. Tena akaona na mahame, vijiji vilivyochomwa kwa vita. Basi kati ya 1857 na 1871 jembe lilikuwa likilishinda pori, na bunduki ilikuwa ikilirudisha. Hiyo ndiyo habari kubwa ya Mgunda Mkali, nayo yapatikana kwa kuvisoma vitabu viwili pamoja. Katika kimoja peke yake haionekani.

Safari ya pili aliianza Bagamoyo Novemba 1874. Badala ya kushika njia kuu kwenda Unyanyembe, alipinda kaskazini toka Ugogo. Hapo katika pori la miiba watu wake wakafa njaa. Kitabu chake cha mwaka 1878 chaeleza jinsi alivyolitoa sanduku lake la chuma, akatupa nguo zilizokuwamo, akalijaza maji, akapika uji wa unga mchache wa shayiri ya Kizungu kwa watu zaidi ya mia mbili. Ni kisa kizuri, tena kimeandikwa vizuri. Lakini tazameni jinsi maneno yalivyogawanywa. Wapagazi waliopotea na kufa porini wamepewa mistari michache. Edward Pocock, kijana Mwingereza aliyekufa kwa homa huko Chiwyu Januari 1875, amepewa kaburi, msalaba uliochongwa mtini, na maombolezo. Hatumwonei kijana yule wivu wa kaburi lake. Twasema tu kwamba mizani haikuwa sawa. Siku chache baadaye, huko Vinyata katika nchi ya Wanyaturu, palitokea vita. Stanley asema alichokozwa. Wenyeji hawakuulizwa na mtu. Aliwapoteza watu zaidi ya ishirini, akachoma vijiji vyao.

Kisha akashuka katika Wembere, ambayo yeye aiita Luwamberi, akauvuka Manonga, akaingia Usukuma penye chakula tele, akafika ziwani Kageyi tarehe 27 Februari 1875. Wasomaji wa Igunga watacheka hapa. Aliyeuona mto mmoja kule Unyaturu, na Manonga huku, na Simiyu kule mbele, aliiunganisha yote mitatu kwa kalamu kuwa mto mmoja, akautangazia ulimwengu kwamba ndio chanzo cha Nili kilicho kusini kabisa. Mchunga ng'ombe yeyote wa mbuga hizi angaliweza kumwambia maji yanakokwenda: hukusanyika Wembere, yakaingia Kitangiri, yakashuka kwa mto Sibiti hata Eyasi, nayo Eyasi haina mlango wa kutokea, hivyo hukauka humo na kuacha chumvi. Tone moja la Manonga halifiki Misri. Oscar Baumann alipopita mwaka 1892 aliiona Eyasi na Wembere kwa macho yake, na ramani ikaanza kupata sura ya kweli. Hatumlaumu Stanley kwa kukosea, maana kila msafiri hukosea. Twamlaumu kwa haraka yake. Alikuwa na nguo za kununulia chakula na za kulipia hongo, lakini hakuwa na siku mbili za kukaa akasikiliza.

(Mbuga hii imewavuta wengi wenye mawazo makubwa. Wadachi walifikiri kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria Wembere wapate kulima pamba, vita ya 1914 ikawakuta wangali wakichora. Katika miaka yetu maji ya ziwa lile yamefika Igunga kweli, lakini kwa bomba, na kwa kunywa.)

Huenda msomaji akauliza kama yapo maandiko ya watu weusi wenyewe juu ya safari za bara. Yapo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapa katika Ujerumani kitabu cha safari za Waswahili, kilichoandikwa kwa Kiswahili, na mmoja wa waandishi ni Selemani bin Mwenye Chande, aliyesimulia safari yake ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Humo hamna kugundua kitu. Mna mali, na hongo, na hofu, na hesabu. Kwa kusoma ni chepesi na cha kweli kuliko vile vinene. Hata hivyo tusijidanganye: mtu wa pwani naye humwita mtu wa bara mshenzi pasipo kufikiri mara mbili, na Mkimbu aliyelima Jiwe la Mkoa hapati neno kwake zaidi ya alilopata kwa Burton.

Basi mwalimu atakaye kuwasomea wanafunzi wake asome nini? Sisi twapenda Burton kwa habari za kambi na mwendo, naye aruke matusi. Speke asomwe sura ile ya mvua tu. Na Stanley, ambaye kwa ukali aliwashinda wote, ndiye aliyefanya jambo moja ambalo hawa wengine hawakulifanya: mwisho wa kitabu chake cha 1878 alichapa majina ya watu wake waliokufa. Ni majina matupu, hayana habari za nyumba wala ukoo, na wengi huyaruka kwa kuwa hadithi imekwisha. Twamshauri mwalimu aanzie hapo, ayasome kwa sauti, kisha ndipo arudi nyuma kutafuta katika sura za mbele kila mmoja alifia wapi. Baadhi yao atawakuta upande huu wa Vinyata, na katika lile pori la miiba kabla ya sanduku la uji.