Injini Inavuta Nini? Bomba la Hewa Baridi Kwenye Vumbi la Kibabii

Bomba lilikuwa la alumini, limesuguliwa likang'aa kama sufuria mpya, na mwishoni mwake palikuwa na kichujio chekundu chenye umbo la pia. Fundi mmoja mjini Bungoma alilifunga kwenye Toyota Fielder yangu asubuhi moja ya Januari. Alitoa boksi la plastiki lililotoka na gari kiwandani, akaliweka kando, akapachika bomba, akakaza vibano viwili, akawasha injini. Nilipotoka mjini kwa barabara ya Chwele kuelekea Kibabii, ngurumo ilikuwa nzito, nami nikaamini gari limeongezeka nguvu.

Wiki tatu baadaye nililifungua mwenyewe nikapitisha kidole ndani, upande wa injini, mahali ambapo hewa inapaswa kufika ikiwa imekwisha kuchujwa. Kidole kilitoka chekundu.

Uchambuzi huu umetokana na kidole hicho. Kati ya Bungoma na Kitale kuna vijana wengi wanaoweka akiba ya miezi ili wanunue bomba kama langu, na kwa wengi wao gari ndilo jembe lao la kila siku. Ni haki yao kujua kazi hii inaleta nini, inaharibu nini, na namna ya kuifanya sawasawa.

Upungufu tunaoanza nao

Petroli haiungui bila hewa. Ili gramu 1 ya petroli iungue sawasawa, injini inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi lazima kwanza atafute hewa zaidi, mafuta yatafuata.

Huku kwetu tunaanza na upungufu. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi: Bungoma mgandamizo wake umepungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na Kitale kwa asilimia 20 hivi. Injini isiyo na turbo ambayo ingetoa nguvu za farasi 100 ikiwa Mombasa hubaki na kama 85 ikiwa Kibabii, na kama 80 ikifika Kitale. Aliyewahi kutoka Webuye na gari lililojaa, akapita Kamukuywa na Kiminini, amelisikia pengo hilo mguuni mwake.

Bomba haliwezi kulipa deni la mwinuko. Turbo huweza, kwa sababu husukuma hewa kwa nguvu. Bomba ni njia tu. Linachoweza kupunguza ni deni la pili, yaani joto.

Hesabu ya joto

Hewa ikipata joto hutanuka, na silinda ileile hupokea hewa kidogo zaidi. Hesabu yake ni rahisi ukianza kuhesabu kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri. Tuseme injini inavuta hewa ya nyuzi 55 za Selsiasi kutoka chini ya boneti. Ukiiletea hewa ya nyuzi 35, uzito wa hewa katika ujazo uleule unaongezeka kwa asilimia 6.5. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi 3 unazopunguza hukupa asilimia 1 ya hewa.

Hapo ndipo wauzaji wa mabomba husimama. Lakini lipo swali wanaloliruka: boksi la kiwandani lilikuwa likivuta hewa ya wapi? Nililirudia lile boksi nililodhani ni takataka, nikaligeuza. Mdomo wake ulielekea mbele, mbali na injini. Wahandisi walikwishafanya kazi ya hewa baridi kabla gari halijapanda meli. Kichujio changu kipya, kinyume chake, kilikaa wazi nyuma ya redieta, na feni ilipozunguka ilikipulizia hewa iliyokwisha kupita kwenye maji ya moto. Nilichomeka chini ya usukani kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu, nikatazama joto la hewa inayoingia. Katika foleni ya Kanduyi, kila dakika ya kusimama ilipandisha nambari. Nilikuwa nimenunua bomba la hewa moto.

Ngurumo nayo nilikuja kuielewa. Boksi la plastiki lina vyumba vinavyomeza mlio wa hewa inapovutwa. Ukiliondoa, mlio huo unatoka nje. Ni sauti iliyofunguliwa, na sikio hulidanganya tumbo kwamba limeshiba.

Vilevile nimesikia mara nyingi kwamba bomba hili hupunguza unywaji wa mafuta. Injini ya petroli hudhibitiwa na mlango mdogo wa hewa unaofunguliwa na pedali. Ukienda kwa mwendo wa kawaida mlango huo umefungwa nusu au zaidi, na wembamba wake ndio unaozuia hewa, wala si kichujio. Maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipima jambo hili na kutoa ripoti mwaka 2009: kwenye magari ya kisasa hata kichujio kilichoziba hakikubadilisha unywaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Basi anayetaka kuokoa mafuta asianzie hapa.

Sensa inayodanganywa

Kosa la pili la kazi yangu halikuonekana kwa macho. Fielder yangu ina injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,496. Kompyuta yake hujua kiasi cha hewa kwa sensa yenye waya mwembamba unaotiwa moto. Hewa ikipita huupoza waya. Umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoeleza hewa ni kiasi gani. Lakini sensa hiyo huona sehemu ndogo tu ya mkondo. Kilichobaki huhesabiwa kwa kuamini kwamba bomba lina upana uleule wa kiwandani.

Badilisha upana, na hesabu inaharibika. Tuchukue bomba la milimita 60 lililobadilishwa kwa la milimita 70. Nafasi ya ndani inaongezeka kwa asilimia 36, na hewa ileile inapita polepole zaidi, kwa asilimia 73 tu ya kasi ya awali. Sensa inaripoti hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu. Ukienda polepole, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi husahihisha kosa kwa kadiri inavyoweza. Ukikanyaga pedali hadi mwisho mlimani, kompyuta hurudi kwenye hesabu yake ya asili, na hapo ndipo mchanganyiko wenye mafuta kidogo huipandisha injini joto, ikaanza kugonga. Kugonga huko, kwa mlio wake mkavu, ndiko kunakoweza kutoboa pistoni.

Kuna pia jambo la mafuta ya kichujio. Vichujio vingi vya pamba huloweshwa mafuta ili vinase vumbi. Yakizidi, hupeperuka hadi kwenye ule waya na kuupaka, nao ukaanza kutoa taarifa za uongo.

Vumbi

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Ikiwa pedali imekanyagwa hadi mwisho na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, injini ya lita 1.5 inaweza kuvuta karibu lita 2,250 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa 11 ya lita 200. Toka kwenye lami ya Chwele mwezi Januari, ingia njia za udongo mwekundu zinazokwenda mashambani, ufuatane na trekta lenye tela la miwa, kisha ujiulize mapipa hayo yamejaa nini.

Sehemu kubwa ya mchanga wa barabarani ni kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe kubwa si hatari sana, kwa kuwa hunaswa kwa urahisi. Zinazoua ni zile za kati ya maikroni 5 na 20, ndogo kuliko unene wa unywele, kwa sababu zinaenea katika nafasi iliyopo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Husaga pande zote mbili. Gari halizimiki siku hiyo. Huanza kunywa oili, moshi wa bluu ukatokea asubuhi, nguvu zikapungua kidogo kidogo, na mwenye gari akalaumu petroli.

Kwa hiyo kichujio kinachojisifu kwa kupitisha hewa nyingi kinastahili kuulizwa kinapitisha nini kingine. Karatasi yenye mikunjo, ile ya kawaida inayouzwa kila duka la spea, hunasa vumbi laini vizuri sana ikikaa sawa kwenye boksi lake. Kwangu, hata hivyo, karatasi au pamba halikuwa swali la kwanza. Kibano kimoja kilikuwa kimekaa upande, na mpira wake ulikuwa na mwanya. Vumbi halikupita kwenye kichujio. Lilipita kando yake.

Nchi hii ilikuwa na walimu wa somo hili muda mrefu. Katika Safari Rally ya miaka ya 1990, timu za viwanda, zikiwemo za Subaru, zilifunga kwenye magari yao bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Hawa ni watu waliopigania kila nguvu ya farasi, na Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Impreza mwaka 1997. Walipokuja kwenye vumbi na mito ya Kenya, walichohangaikia ni mahali pa kuweka mdomo wa injini: juu, palipo na vumbi kidogo na pasipofikiwa na maji.

Kazi ilivyofanywa upya

Nilirudisha boksi la kiwandani. Uamuzi huo ndio kazi nzima. Yaliyofuata ni mikono tu. Nilichomoa waya hasi wa betri, sensa ikarudi kwenye shingo yenye upana wake, na kichujio cha karatasi kipya kikakaa kwenye mfereji wake. Nilipapasa ukingo wote kwa kidole, nikahakikisha mpira haujakunjika, kisha nikafunga klipu zote.

Baada ya hapo nilishughulikia njia ya kuelekea boksi. Nilichukua bomba la kukunjika la kipenyo kisichopungua kile cha mdomo wa boksi, nikalipitisha kutoka nyuma ya grili hadi kwenye mdomo, mbali na feni. Kona nilizifanya mbili tu, pana, kwa maana kila kona kali ni mzigo kwa hewa. Mwanzo wa bomba niliuweka juu ya bampa. Wapo wanaoushusha hadi chini karibu na gurudumu, wakitafuta hewa baridi zaidi. Mvua ya alasiri ikimwagika na daraja dogo likafunikwa, injini itavuta maji. Maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, mkono wa pistoni hupinda, na safari huishia hapo. Katika sehemu ya chini kabisa ya bomba nilitoboa tundu dogo ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye kichujio. Tundu hilo lazima liwe upande wa kabla ya kichujio. Likiwa baada yake, ni mlango wa vumbi.

Mwisho, nilirudisha mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko cha vali. Kwenye kazi ya kwanza ulikuwa umeachwa ukining'inia, nao ukivuta hewa isiyochujwa moja kwa moja.

Jaribio la grisi

Nilipima kwa njia mbili. Kwa simu nilitazama tena joto la hewa. Gari likiwa katika mwendo, nambari ilikaa karibu na joto la nje. Likisimama, ilipanda, kama itakavyopanda kwenye gari lolote lililosimama juani. Tofauti na boksi la kiwandani bila bomba ilikuwa ndogo, na siwezi kumwambia mtu kwamba mlima wa Kiminini umekuwa tambarare.

Jaribio la pili linagharimu grisi kidogo tu. Nilipaka utando mwembamba ndani ya bomba baada ya sensa, upande wa injini, mbali na ule waya. Nikaendesha wiki nzima: sokoni Chwele, mashambani, Kitale na kurudi. Vumbi linalopenya hunata kwenye grisi, na haliwezi kujificha. Nilipofungua, nikasugua grisi hiyo kati ya kidole na kidole. Ilikuwa laini. Hapakuwa na chembe.

Kijana anayetaka kufunga bomba simkatazi. Namwomba, kabla ya kulipa, amuulize fundi maswali matatu: mdomo unatazama wapi, sensa inakaa kwenye upana gani, na hewa isiyochujwa inaweza kuingilia wapi. Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Kisha wiki moja baadaye afungue bomba mwenyewe, apitishe kidole, akisugue. Akihisi mchanga, azime gari hapohapo, kwa kuwa mchanga huohuo umekwisha kufika ndani ya silinda.