"Saratani ni bahati mbaya tu"? Tuisome tena ile makala ya 2015

Mjomba wangu anavuta sigara tangu ujana. Ukimgusia saratani anakujibu, "Hata wanasayansi wenyewe wamesema ni bahati mbaya tu." Na kweli ipo makala iliyoeleweka hivyo: ya Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein, jarida la Science, Januari 2015.

Tusiidharau hoja yao. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na makosa madogo hutokea. Wakalinganisha aina 31 za saratani, wakaona tishu ambazo seli zake shina hugawanyika mara nyingi ndizo hupata saratani zaidi. Migawanyiko hiyo ilieleza asilimia 65 ya tofauti kati ya tishu na tishu. Magazeti yakaandika kwamba theluthi mbili ya saratani zote ni bahati mbaya. Sasa hicho ni kitu kingine kabisa.

Tuseme mvua imenyesha mtaa mzima. Nyumba zenye matundu mengi kwenye mabati ndizo zinavuja zaidi. Je, mvua haihusiki? Inahusika sana, ila haionekani kwenye hesabu kwa sababu imewanyeshea wote. Ukitaka kuiona, linganisha na mtaa mwingine.

Na takwimu zao za wagonjwa zilitoka Marekani tu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliwajibu mwezi uleule: saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ni ya kawaida kwa wanaume Afrika Mashariki lakini ni nadra Afrika Magharibi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, haikuwemo kabisa. Hiyo inatokana na kirusi cha HPV, na chanjo yake tunayo tangu 2018.

Mwaka 2017 waandishi waliongeza data za nchi 69, wakafafanua kwamba saratani huhitaji mabadiliko kadhaa ya jeni. Hata kama mengine ni ya bahati, ukizuia moja unaweza kuizuia saratani yenyewe. Ufafanuzi huo ungefaa uwepo tangu mwanzo.

Bahati mbaya ipo, jamani. Wapo wanaougua bila kosa lolote, tusiwalaumu. Lakini mjomba angefungua data za makala ileile anayoitaja, angekuta aina moja ya saratani ya mapafu imeandikwa mara mbili: wavutaji na wasiovuta. Seli shina ni zilezile, ila hatari kwa wavutaji ni mara 18.