Fundi wa Malori na Utunzi wa Programu

Tangu kampuni ya machimbo ya Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967, na hata baada ya makampuni ya kigeni kurejea katika machimbo ya Kamoto na Tenke, mji wa Kolwezi, mkoani Lualaba katika Kongo, umelea vizazi vya mafundi wa magari makubwa, watu ambao maarifa yao aghlabu huhesabiwa kuwa ya nyundo na spana tu. Na mmoja wao akitamka kwamba ataka kuwa mtunzi wa programu za kompyuta, wasikilizaji humdhania ameazimia kuanza maisha upya. Dhana hiyo si sahihi, kwani injini aifunguayo kila siku imekwisha kuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya programu.

Tutazame jinsi lori linavyosema. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilidhihirisha mjini Detroit mtandao uitwao CAN, ambao kwa nyaya mbili zilizosokotwa huziwezesha kompyuta nyingi za gari kupashana habari. Na juu ya msingi huo ikajengwa kanuni ya J1939 ya malori na mitambo mizito, ambamo kila hitilafu hutajwa kwa namba mbili, ya kwanza ikionyesha kitu na ya pili namna ya ugonjwa wake. Namba 100 ni presha ya oili ya injini. Ikifuatwa na 1, oili yenyewe imepungua nguvu kupita kiasi, na dereva sharti azime injini mara moja. Ikifuatwa na 4, umeme wa kihisi umeshuka chini ya kawaida, pengine waya umegusa bodi, na huenda injini haikupata dhara lolote. Fundi aliyezoea kutenga ugonjwa wa kitu na ugonjwa wa mjumbe aletaye habari zake amekwisha kujifunza jambo ambalo wanagenzi wengi wa programu hulikosa, wakabomoa hesabu iliyo sahihi ilhali kosa limo katika njia iliyowaletea takwimu.

Kadhalika katika kutafuta hitilafu. Mtandao wa CAN una rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, hata fundi azimapo umeme na kupima kati ya nyaya hupata omu 60. Akipata 120, upande mmoja umekatika. Akikaribia sifuri, nyaya zimegusana, na hapo habahatishi, bali huchomoa kiungo cha katikati, akapima tena, akaiacha nusu iliyo salama na kuigawa iliyobaki. Git, mtambo wa kutunza matoleo ya programu alioubuni Linus Torvalds mwaka 2005, una amri ya bisect ifanyayo hayohayo: kati ya mabadiliko 1,000, lile lililoleta kosa hupatikana kwa majaribio kama kumi.

Illa pana mahali ambapo tabia ya gereji humponza mwenyewe. Chuma hulika, mpira hupasuka, vumbi la machimbo huziba chujio, na kwa hiyo fundi huuliza kwanza ni kitu gani kimechakaa. Programu haichakai, na kosa lionekanalo leo laweza kuwa lilizaliwa siku ilipoandikwa, likingoja tarehe au mzigo usio wa kawaida. Kutia kipande kipya kilicho sawasawa na cha kale, dawa kuu ya gerejini, hapa hakufai kitu, maana nakala huja na kosa la asili yake. Kwa maoni yangu kuiacha tabia hiyo ni kugumu kuliko kujifunza lugha yoyote ya programu.

Wala si lazima aanzie kwenye tovuti za maduka, kama masomo mengi yapendavyo. Tangu mwaka 2008 kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux kina SocketCAN, programu ya mtandao wa CAN iliyotokana na kazi ya watafiti wa Volkswagen na kutolewa bure, pamoja na mtandao wa kuigiza usiohitaji gari wala waya. Kwa kompyuta kuukuu fundi aweza kutuma hitilafu ya 100 na 4, kisha akaandika programu fupi ya kuisoma na kumwambia dereva kwa Kiswahili nini kimeharibika. Walimu wa shule za ufundi za Lualaba, wapeni wanafunzi wenu somo hilo kabla ya mengine.