Kidole Ndani ya Beseni

Asubuhi ya siku ya tatu, jua likichomoza upande wa ziwa, mama anafunua beseni na kuzamisha mkono. Maji yamekuwa kijivu, yana povu, na harufu yake humfanya mgeni wa mji wa Baraka ageuze uso. Anaokota kipande cha muhogo, anakibonyeza kwa kidole gumba, anakirudisha.

"Mama, tutoe?" anauliza binti yake.

"Tungoje. Moyo wake ungali mgumu."

Mbonyezo huo sichoki kuutazama. Ncha ya kidole imejaa miisho ya neva, na kila mwisho ni mkono wa seli ambayo kiwiliwili chake kimekaa kando ya uti wa mgongo. Seli hiyo ina uzi mmoja uliogawanyika: tawi moja limeshuka hadi kidoleni, jingine limepanda hadi kwenye shina la ubongo. Seli moja, nyembamba kuliko unywele, yenye urefu wa karibu mita nzima! Hapo shinani inapokezana na ya pili, ambayo uzi wake huvuka upande wa pili wa kichwa. Ya tatu huufikisha ujumbe kwenye gamba la ubongo. Seli tatu tu kati ya muhogo na akili. Ujumbe huenda mita 50 hivi kwa sekunde, kwa kuwa uzi umevikwa mafuta ya mayelini, kipande baada ya kipande, na umeme huruka kutoka upenyo hadi upenyo. Kati ya seli na seli kuna mwanya usiovukwa na umeme. Hapo seli humwaga kemikali, na jirani yake huionja.

Ujumbe wa kidole hupanda; amri ya kushuka mguuni nayo inahitaji seli mbili. Ya juu hutoka ubongoni hadi sehemu ya chini ya mgongo. Ya pili hutoka hapo hadi kwenye msuli. Hizo za juu ndizo zinazodhurika mtu anapokula kwa wiki kadhaa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila ndagala wala maharage ya kuusaidia mwili kuvunja sumu. Ugonjwa huo daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, kwa jina la Wayaka wenyewe: konzo, miguu iliyofungwa. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, pengine kwa siku moja. Hauzidi baadaye, lakini hauponi. Ukame wa 1985 uliuleta Tarime, Tanzania. Vita viliuleta hata huku Kivu Kusini. Anayekimbia risasi hana siku tatu za kungojea beseni.

Na siku hizo zina kazi. Ndani ya muhogo, linamarini, chanzo cha sumu hiyo, hukaa chumbani mwake, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa ukutani. Muhogo ukiwa mzima, havikutani. Ukilowekwa, vijidudu vya uchachu hulegeza kuta, viwili hivyo vinakutana, sianidi inafunguka na kutokomea majini na hewani. Kumbe ulaini anaoutafuta mama kwa kidole ndio dalili kwamba kuta zimebomoka. Hakuna kipimo cha maabara kilichomfundisha. Alifundishwa na mama yake, kwenye beseni lililokuwa na harufu hiihii.

Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia ya nyongeza: unga unaloweshwa maji kidogo, unatandazwa tabaka jembamba, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenda, magharibi mwa Kongo, na wagonjwa wapya wakakoma. Naipenda njia hiyo kwa wepesi wake, ila unga huo lazima kwanza uwe umepitia mikononi mwa mtu.

Asubuhi ya nne kidole kinazama bila kubishiwa. Mama anapasua kipande, anashika ule uzi mgumu wa katikati, anauvuta taratibu hadi unatoka mzima. Anautupa kando kwa kuku, anamenyua kingine. Binti anatandaza turubai, naye kabla ya kumwaga muhogo juu yake, anabonyeza kimoja kwa kidole chake, akimwangalia mama yake usoni.